Barakoa Ishirini na Nane Juani

Nilikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na tisa. Msinihurumie. Ilikuwa kazi ya heshima, na niliipenda kuliko baadhi ya wanawake wanavyowapenda waume zao.

Chumba chetu cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo kubwa, karibu na tangi la maji. Saa kumi na mbili asubuhi mvuke ulikuwa umeshajaa humo. Sakafu ilikuwa na maji siku zote, kwa hiyo tulivaa mabuti ya mpira. Tulikuwa na mashine mbili, na moja ilikuwa na kelele kuliko wifi yangu. Nje kulikuwa na kamba ndefu za kuanikia. Upepo ukivuma, mashuka yalivimba na kupepea, nasi tulikimbizana nayo huku tukicheka. Siku hizi wameweka mashine za kukaushia. Kamba zimetolewa. Nikipita pale nageuza uso.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana. Wakati huo barakoa za chumba cha upasuaji zilikuwa za kitambaa. Zilikuwa na tabaka nne za pamba na kamba nne za kufungia kisogoni. Tulizifua, tukazichemsha, tukazipiga pasi, tukazikunja. Matroni wetu alikuwa mkali, nyie! Alikuwa akichukua barakoa moja, anainua kwenye mwanga wa dirisha, halafu anainusa. Akinyamaza, ujue umefaulu. Siku moja hakunyamaza. Aliniambia, "Binti, mikono yako ina baraka."

Nilitembea na sifa hiyo miaka yote. Baadaye zikaja barakoa za kuvaa mara moja na kutupa, na kazi ile ikafa. Wenzangu walifurahi. Mimi nililia kidogo, peke yangu, nyuma ya mashuka.

Nawaambia haya ili muelewe nilichokuja kukifanya. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Familia yetu nzima ilikuwa ya hospitali. Mume wangu alikuwa mtunza stoo palepale. Watu walimwita Mzee Ndiyo, kwa sababu hakujua kusema hapana. Ukimwomba kitu kwa upole, anakupa. Ukimwomba kwa ukali, anakupa haraka zaidi. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa muuguzi. Asubuhi tuliondoka watatu, tukitembea kwa mguu, mimi nikiwa mbele kwa sababu hao wawili walikuwa wazito wa kuamka. Mzee alibeba mwavuli hata kama mbingu ni nyeupe. Binti yake alimtania njia nzima. Jamani, siku zile!

Kisha ule ugonjwa ukaja. Kila nchi iliupata, nasi tuliupata. Ulipita kwa pumzi, mtu mmoja hadi mwingine. Hospitali ikafungua wodi maalumu kwa wagonjwa walioshindwa kupumua. Wauguzi sita walichaguliwa kufanya kazi humo. Binti yetu alikuwa mmoja wao.

"Mama, usinitazame hivyo," aliniambia siku ile. "Ni kazi yangu. Na nitavaa kikombe."

Kikombe ni jina tulilolipa ile barakoa nzito ya duara, inayobana uso na kuchuja hewa. Ilikuwa tofauti na barakoa nyembamba ya kawaida ya hospitali. Kikombe ndicho kilichowakinga waliokaa karibu kabisa na pumzi za wagonjwa.

Lakini vikombe vilikuwa vichache. Dunia nzima ilivitaka. Stoo ya mume wangu ilikuwa na makasha machache tu, na mzigo mpya haukujulikana utafika lini. Na hapo tabia ya Mzee Ndiyo ikaanza kutuponza.

Karani wa mapokezi alikuja. "Mzee wangu, mimi naonana na watu wengi."

"Ndiyo, mwanangu. Chukua kumi."

Mlinzi wa getini alikuja. Akapewa. Dereva akapewa. Katibu wa mganga mkuu alikuja na tabasamu, akapewa kasha zima. Mzee aliona haya kuwakatalia. Walikuwa watu wake. Walikunywa chai pamoja miaka na miaka.

Siku moja nilimwona mlinzi amevaa kikombe, yuko peke yake getini, anakula embe. Amekishusha kidevuni.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mume wangu, "Hivi yule anajikinga na embe?"

"Mke wangu, ningemnyimaje? Ni mtu mzima mwenzangu."

Ndani ya wiki tatu stoo ikawa tupu. Wauguzi sita wa ile wodi walibakiwa na vikombe vitano kila mmoja. Wakaambiwa viwatoshe mpaka mzigo ufike.

Hapo ndipo naingia mimi.

Asubuhi moja, saa moja, nilikwenda kuchukua mashuka machafu ya wodi hiyo. Nilivaa glavu, aproni na barakoa, kama tulivyoagizwa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nje ya wodi, niliona misumari ukutani. Kwenye kila msumari ulining'inia mfuko wa karatasi wenye jina la mtu na siku ya wiki. Nikachungulia. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na kikombe kimoja kilichotumika.

Sasa nisikilizeni. Kwetu sisi madobi, nguo ya mtumishi ikiwa kwenye mfuko wenye jina, maana yake ni moja tu: ifuliwe, irudishwe kwa mwenyewe. Ndivyo sare zilivyokuja kwetu tangu zamani. Sikuuliza mtu. Niulize nini, na mimi ndiye dobi?

Nilivihesabu. Vilikuwa ishirini na nane. Viwili vingine walikuwa wamevivaa wauguzi wa zamu ya asubuhi.

Moyo wangu ulijaa. Niliwaza: watoto hawa wamehangaika na barakoa chafu, kumbe mimi nipo! Nilikumbuka matroni na lile dirisha lake. Nikachukua yote.

Niliviosha kwa mkono, kimoja kimoja. Maji ya moto, sabuni nzuri, halafu dawa ya kuua vijidudu kidogo. Nilitaka kuvipiga pasi, ila umbo la kikombe likanishinda. Nikavianika kwenye kamba yangu ya mbele, penye jua kali. Vikawa vyeupe, wallahi, vinapendeza! Niliimba nikivitazama. Saa sita nilivirudisha kwenye mifuko mipya, majina yaleyale, siku zilezile.

Saa nane kasoro robo nilikutana na Bi Nawa kwenye korido. Huyu alikuwa muuguzi aliyesimamia kazi ya kuzuia maambukizi hospitali nzima. Tulimwita hivyo kwa sababu hata salamu yake ilikuwa, "Umenawa?"

"Shikamoo mama. Umenawa?"

"Marahaba. Nimenawa, na leo nimewaoshea pia," nikasema, nikitamba. "Nenda kaangalie vikombe vya wodi. Vinang'aa."

Bi Nawa alisimama. "Umeviosha? Kwa maji?"

"Kwa maji na sabuni na dawa. Kwani mimi mchezo?"

"Mama, vyote?"

"Ishirini na nane."

Alitazama saa yake. "Zamu ya saa nane nani anaingia?"

"Mwanangu," nikasema.

Tulikimbia. Bi Nawa alikuwa kijana, mimi nina magoti mabovu, lakini siku ile nilimpita. Kwenye ngazi nilipoteza kiatu kimoja na sikurudi kukichukua. Nilimwona binti yangu kupitia kioo cha mlango. Alikuwa mbele ya mlango wa pili, ule wa kuingilia wodini. Gauni la kinga mwilini, miwani mkononi, kikombe changu cheupe usoni.

"Usiingie!" nilipiga kelele. "Mwanangu, usiingie!"

Akageuka. Alikuwa ametulia tu. "Siingii, Mama. Kikombe hiki kinavuja."

"Umejuaje?" Bi Nawa aliuliza, akihema.

"Nimekikagua kama ulivyotufundisha. Nimekizungushia viganja, nikapuliza kwa nguvu. Hewa imetoka kando ya pua na kwenye mashavu. Mipira yake imelegea. Halafu kinanukia sabuni." Akanitazama. "Mama, kinanukia sabuni yako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikaa chini palepale, mguu mmoja hauna kiatu.

Bi Nawa hakunifokea. Mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alichuchumaa hatua mbili kutoka kwangu.

"Mama, umewahi kusugua kitana kwenye nywele kavu, kisha ukakisogeza kwenye vipande vya karatasi?"

"Vinarukia kitana," nikasema.

"Basi kikombe kina nguvu kama ile, ndani ya tabaka zake. Ndiyo inayonasa vijidudu vidogo sana ambavyo matundu ya kitambaa hayawezi kuvizuia. Maji ya moto, sabuni na dawa vinaiondoa nguvu hiyo. Kikombe kikishaoshwa kinaonekana kizuri, lakini kinga imepungua. Na kikipoteza umbo, hewa inapita pembeni."

"Na ile mifuko?"

"Ile si ya dobi. Kikombe kilitakiwa kivaliwe mara moja na kutupwa. Kwa sababu vimeisha, tumelazimika kuvirudia. Kila muuguzi ana vyake vitano. Anavaa kimoja leo, anakiweka kwenye mfuko wa karatasi, kinapumzika siku tano ndipo anakirudia. Karatasi inapitisha hewa, mfuko wa plastiki unatunza unyevu. Hakuna kuazimana. Kikilowa, kikichafuka, kikichanika au kikivuja, kinatupwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hapo nimekosa mimi. Niliwafundisha wauguzi. Sikukumbuka kwamba dobi naye anaingia pale."

Maneno hayo yalinituliza, lakini hayakurudisha vikombe. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndani ya wodi walikuwa wauguzi wawili wa zamu ya asubuhi, wamevaa vikombe vyao tangu saa moja. Vilianza kulowa jasho. Mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anazidiwa. Daktari alikuwa nje pale anajiandaa kumwekea mpira wa kupumulia kooni, na kazi hiyo humwaga pumzi ya mgonjwa usoni mwa wahudumu. Mmoja wa wale wawili aligonga kioo akaonyesha saa yake.

"Nahitaji vikombe vipya," Bi Nawa alisema. "Ambavyo havijafunguliwa. Sasa hivi."

Nilikwenda stoo na kiatu kimoja. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kando ya rafu tupu. Nilimweleza yote. Sikuficha kitu.

"Sasa inuka," nikamwambia. "Nenda kwa kila uliyempa. Uwaombe wakurudishie."

"Mke wangu... nitawatazamaje usoni?"

"Watazame hivyohivyo! Mwanao amesimama mlangoni hana cha kuvaa!"

Alitoa ufunguo shingoni, ufunguo mdogo ambao sikuwahi kuujua. Akafungua droo ya chini ya meza yake. Ndani kulikuwa na kasha la vikombe ishirini, halijafunguliwa.

"Nilimwekea yeye," alisema, akitazama chini. "Siku vitakapoisha vyake, awe na vya kwake. Akiba haiozi."

Nilimtazama Mzee Ndiyo wangu. Kumbe kuna mtu mmoja aliyewakatalia wote kwa ajili yake. Sikujua nimkasirikie au nimkumbatie. Nilifanya yote mawili.

Tulirudi pamoja. Alimnyooshea binti yake kasha zima. Binti alisoma mihuri, akalifungua. Alichukua kikombe kimoja, akampa Bi Nawa vilivyobaki.

"Vigawe sawa," alisema.

"Mwanangu," baba yake akasema, "vile nilikuwekea wewe."

"Najua, Baba." Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti ilikuwa imara. "Mle ndani tunasaidiana kumgeuza mgonjwa mmoja, wawili wawili. Mwenzangu akiugua, nitabaki na nani? Vikombe vyangu vitanisaidia nini nikiwa peke yangu?"

Binti alivaa kikombe, akakikagua, akaitikia kwa kichwa kwamba kiko sawa. Daktari na muuguzi mwenziwe wa zamu ya saa nane nao wakavaa. Wakaingia. Wale wawili wa asubuhi wakatoka, nyuso zao zina alama nyekundu, mmoja akaomba maji. Yule mwalimu aliwekewa mpira kwa wakati. Alikaa wodini wiki tano, akarudi kwao akitembea.

Baada ya hapo ndipo mume wangu alipofanya jambo gumu kuliko yote maishani mwake. Alizunguka hospitali nzima. Mlango kwa mlango. Nilimfuata nyuma nikasikia.

"Bibie," alimwambia katibu wa mganga mkuu, "nilikupa kasha. Nilikosea kukupa. Naliomba."

"Lakini mzee, si ulinipa mwenyewe?"

"Ndiyo. Na sasa nasema hapana."

Katibu alifungua kabati. Kasha lilikuwa zima, alikuwa ameliweka tu kwa hofu. Karani alirudisha saba. Mlinzi alirudisha vinne, akaomba radhi kwa ajili ya lile embe. Bi Nawa alipokea vile tu ambavyo havijafunguliwa. Vilivyokwisha kuvaliwa na mtu havikupewa mwingine.

Jioni hiyohiyo Bi Nawa alibandika karatasi kwenye mlango wa stoo. Anayekaa na wagonjwa wa wodi ile avae kikombe. Anayehudumia wagonjwa wengine avae barakoa ya kawaida ya hospitali. Wa ofisini, getini na kwenye magari, pamoja na ndugu wanaokuja kuuliza hali, wavae barakoa safi ya kitambaa, wakae mbalimbali, na madirisha yawe wazi. Cheo hakiulizwi, inaulizwa kazi. Na kila asubuhi Mzee aliandika ubaoni vikombe vilivyopo, vilivyotumika jana, na siku ngapi vitatosha. Kila mtu alipita akaona. Watu waliacha kuogopa kwamba vimefichwa mahali, na hofu ilipopungua, maombi nayo yakapungua.

Siku ya pili mganga mkuu mwenyewe alikuja stoo. Mzee alimwonyesha ile karatasi kwa kidole. Mganga mkuu akasoma, akacheka, akaondoka na barakoa ya kawaida.

Na barakoa za kitambaa zingetoka wapi? Mnadhani nilikaa bure? Bi Nawa alikuja chumba cha kufulia.

"Mama, nimeambiwa zamani mlikuwa mkizifua."

"Mwanangu, wewe ulikuwa hujazaliwa!"

Tulikata mashuka ya zamani yenye pamba nzito. Tulishona tabaka tatu tatu. Hizi ziliruhusiwa sabuni, na maji ya moto, na jua. Kila siku nilifua, nikapiga pasi, nikakunja, nikainua moja kwenye mwanga wa dirisha. Nilikuwa na miaka hamsini na nane, na kwa miezi ile nilikuwa msichana tena. Naona aibu kusema, maana watu walikuwa wakiumwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tena kuanzia siku ile, kila nilipokuta kitu nisichokijua, niliuliza kabla ya kushika. Kuuliza si ujinga. Bi Nawa naye akaanza kuwaita kwenye mafunzo madobi, wafagiaji na wabeba mizigo, siyo wauguzi peke yao.

Mzigo mpya ulipofika, wiki saba baadaye, stoo ilikuwa bado na vikombe kumi na moja. Mume wangu aliviweka juu ya meza akavitazama muda mrefu. Alifariki miaka miwili iliyopita, usingizini, kwa uzee wake tu. Nikimkumbuka, namkumbuka hivyo: mikono miwili mezani, vikombe kumi na moja, na kile kicheko chake cha chinichini.

Wodi ilifungwa mwezi wa tano tangu ifunguliwe. Wauguzi walileta sare zao kwangu kwa mara ya mwisho, kila moja kwenye mfuko wenye jina. Walikuja wenyewe, kwa miguu yao, wakichekeshana. Waliingia wodini sita, wakatoka sita. Nilipanga sare zao mezani. Nikasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la sita. Halafu nikaanza upya. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nilikuwa nalia, na sikutaka kuacha kusoma.